Maslaha ya Alama za Abdimalik

Habibo Yarrow hakuwa mtu wa kinyaa chepesi. Alizaliwa Balambala, akakulia katikati ya samadi ya ng'ombe na matope ya Tana, na alipokuwa akisoma Nairobi aliishi katika chumba kilichopakana na choo cha ploti nzima. Pua yake ilishazoea mengi. Lakini majuma yale ya maslaha, kila alipofungua mlango wa idara yake alishikwa na kichefuchefu cha kweli, kile cha kupanda mpaka kooni, na humo ndani hapakuwa na kilichooza ila watu wenye shahada.

Alikuwa mhadhiri katika chuo kimoja kidogo cha binafsi mjini Garissa, jina lake tuliache. Alifundisha upangaji miji kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili. Upangaji miji ni kazi ya kusema barabara ipite wapi, nyumba zikae wapi, maji ya mvua yaende wapi na mifugo ishukie wapi mtoni, na kuyasema hayo kabla watu hawajajenga na kuanza kushikana mashati. Kazi hiyo Habibo aliipenda kabla hajajua ina jina. Alipokuwa mtoto mto ulifurika, ukabeba shamba la ndizi la baba yake na nyumba ya jirani pamoja na vitanda. Baba yake alikaa juu ya debe lililopinduliwa akasema, "Kuna mtu alituonyesha hapa tujenge." Hakuulaumu mto. Alimlaumu aliyeonyesha. Mtoto wake akasikia, akasoma, akafika mbali, kisha akarudi akapanga nyumba mtaa wa Galbet na kumchukua mama yake, Hooyo Lul, wakaishi wawili. Aliwahi kuolewa, akaachika bila kelele, na hakupenda kuulizwa habari hizo.

Chuoni alipewa kazi ambayo wenzake waliikimbia: tathmini. Kila kozi huandika ahadi zake, kwamba mwanafunzi akimaliza ataweza kufanya hili na lile, kisha chuo kinatakiwa kuthibitisha kwamba kweli anaweza. Wenzake walikuwa wakithibitisha kwa kuweka alama ya vema kila mahali, chapuchapu, kabla ya chai ya saa nne. Mwanafunzi anaweza kusoma ardhi? Vema. Anaweza kusikiliza wakazi? Vema. Kwa hesabu hiyo Garissa ingekuwa mji uliopangwa kuliko yote duniani, na wewe mwenyewe pita mtaani mvua ikishanyesha uone.

Habibo akaja na mtihani wake. Mwanafunzi aliyemaliza kuchora mpango wa mtaa alipelekwa mpaka kwenye mtaa wenyewe, bila karatasi wala simu, akasimamishwa juani, akaambiwa neno moja: nionyeshe. Barabara yako iko wapi? Onyesha kwa mkono. Shule? Tembea mpaka hapo, tukufuate. Na mpita njia yeyote aliyetaka kuuliza aliruhusiwa kuuliza.

Mtihani huo ulitoa watu jasho, lakini ulikuwa wa haki. Faiza, msichana wa Wajir asiyesema sana, alitembea mpaka alipochora shule yake, akasimama, akatazama mchanga laini chini ya viatu, akashika kichwa. Alikuwa amesimama ndani ya laga, mkondo ambao hukaa mkavu mwaka mzima na mvua ikija huwa mto. "Mwalimu, hapa nimekosea," alisema. "Watoto wangesombwa." Habibo akampa alama za juu kuliko wote. Wenzake wakashangaa, mtu akosee kisha apewe alama za juu! Habibo akawaambia kwamba aliyeliona kosa lake mwenyewe ndiye aliyejifunza, na kama hilo halieleweki, basi wafunge kozi wauze madaftari.

Ndipo zamu ya Abdimalik ikafika.

Abdimalik alikuja na gari jeupe lenye kiyoyozi, viatu vinang'aa. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mpole, mwenye salamu nzuri, mtoto wa watu wenye maduka. Kulikuwa na mradi mmoja wa kupanga mitaa mipya uliokuwa ukimngoja aingie kama afisa mkuu mara tu shahada itakapotoka, na nyumbani kwao walishaanza kumwita Mhandisi, ingawa hata huo uhandisi hakuusomea. Mchoro wake ulikuwa mzuri wa kutia shaka. Ulikuwa na njia za baiskeli, bustani, chemchemi ya mapambo inayorusha maji juu, na miti ya aina ambayo ukiipanda Garissa Jumatatu, Ijumaa ni kuni. Kila mtu idarani alijua kwamba mchoro ule ulichorwa na mtu mwingine mahali pengine. Walijua, wakausifu.

"Barabara yako kuu iko wapi?" Habibo alimwuliza, wamesimama pembezoni mwa mji, upande unaoshuka mtoni.

Abdimalik akageuka kushoto, akageuka kulia, akatia mkono mfukoni.

"Simu hapana."

"Madam, iko tu hapa hapa. Sema ni hii miti imeziba. Kwa plani inakaa poa sana."

"Umewahi kufika hapa?"

"Nimepita na gari."

Walikuwa wamesimama juu ya malka, ile njia pana ya kuteremshia mifugo mtoni, iliyokanyagwa na kwato tangu zama za mababu hadi ikawa bonde. Juu yake Abdimalik, au huyo aliyemchorea, alikuwa ameweka maegesho ya magari na kuyazungushia ukuta.

"Ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa?" Habibo aliuliza.

"Kwa plani sijaweka ng'ombe, madam."

Na ng'ombe, ambao hawakuwa wameisoma plani, wakaja. Walikuja kwa mamia, vumbi juu, wakifuata harufu ya maji, nyuma yao mchungaji aitwaye Abdille pamoja na akina mama waliobeba vibuyu vya maziwa. Abdimalik alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa gari lake. Abdille alipoelezwa kinachoendelea, alimtazama kijana kuanzia viatu kwenda juu akamwuliza, "Wewe ndiye unayetaka kutufungia maji?" Akina mama wakacheka. Abdimalik akaingia garini, akafunga mlango na vioo, akabaki humo akingoja ng'ombe wapite.

Habibo hakumdhihaki. Alimngoja atoke, akamwambia bila kuficha, "Umeanguka, Abdimalik. Lakini si mwisho. Njoo hapa asubuhi kwa mwezi mzima, utembee, uulize watu. Kisha uniite unionyeshe. Ukiweza, nitakupitisha kwa mkono wangu mwenyewe."

"Sawa, madam," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekusudia. Habibo alirudi ofisini akiamini kabisa kwamba atamwona malka.

Hakumwona. Kilichokwenda kwa watu si mwanafunzi, ni aibu yake, na aibu ina miguu mepesi. Wanaume wa ukoo wa Abdimalik walikwenda kwa Adeer Dubow, ami yake Habibo, kaka wa marehemu baba yake. Adeer Dubow alikuwa mzee nadhifu, hina ndevuni, aliyejivunia kitu kimoja maishani: hajawahi kuacha jua litue juu ya ugomvi. Wakamwambia binti yenu amemvunjia mtoto wetu heshima mbele ya wachungaji na wanawake. Hawakusema ameanguka mtihani. Mtihani haukutajwa. Lilikuwa dai la heshima, na heshima iliyovunjwa hulipwa. Ikaitishwa maslaha, kikao cha wazee cha kupatanisha watu.

Tuelewane hapa. Maslaha yenyewe si uchafu. Habibo alikuwa msichana mdogo Balambala wakati damu ilipotaka kumwagika kwa sababu ya kisima, na ni kukaa kwa wazee kulikofanya watu walale majumbani mwao. Kwa kisima, kwa malisho, kwa mtu aliyeuawa, watu wakae, wazungumze, wasameheane. Lakini alama za mtihani! Elimu ya mtu igawanywe sebuleni mwa gesti juu ya chai ya maziwa ya ngamia, kama mahari! Na aliyezitoa alama hizo asiitwe, kwa kuwa mwanamke huwakilishwa na wanaume wa kwao!

Wakakaa. Wakakubaliana upesi, kwa maana hakuna aliyekuwa akitoa chake. Upande wa Habibo, ulioonekana kuwa ndio uliokosea, ungechinja kondoo, na alama zingerekebishwa. Adeer Dubow akasema amekubali kwa niaba ya mtoto wake. Na pembeni pale, kikombe mkononi, alikuwa ameketi Daktari Khalif, mkuu wa idara, mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya ubora wa elimu ya juu. Alipoulizwa alisema upande wa chuo hauna neno. Wakasoma dua. Abdimalik akafaulu.

Habibo alizisikia habari hizo kutoka kwa mfanyakazi wa usafi aliyempa hongera kwa kumaliza ugomvi. Alikwenda mpaka kwa Khalif bila kubisha mlango.

"Uliketi pale?" aliuliza.

"Kaa kwanza, Habibo. Chai?"

"Uliketi pale, ukasikia wakimpitisha mtu asiyejua kaskazini ni wapi, ukanyamaza?"

Khalif alisogeza karatasi zake zikakaa sawa. "Wanaume wameshakaa. Utawarudisha watu waliokwisha kukaa? Huo si ndio ugomvi wenyewe? Na fikiria, wakaguzi wa nje wanakuja. Wakikuta mwanafunzi ameanguka watauliza chuo kilifundisha nini. Sasa tunawaonyesha kwamba wote wameweza. Ni mtihani wako huo huo, nimeuandika mwanzoni kabisa mwa ripoti. Utasifiwa."

Anamvika kilemba cha ukoka, huku mkono mwingine unampokonya tonge. Habibo alimtazama mdomo ule uliokuwa ukisema "ubora" na "viwango" kila kikao, ukimeta mafuta ya sambusa, na hakuona mtu wa kugombana naye. Alichoona kilikuwa kitu cha kuteleza, ukikishika kinakuachia ute mkononi. Akamwambia kwamba hatasaini. Khalif akasema kwa upole kwamba si lazima, mkuu wa idara ameshasaini.

Jioni Adeer Dubow mwenyewe alikuja Galbet, akabusiwa mkono, akaketi juu ya mkeka.

"Adeer," Habibo alisema, "umetoa kitu ambacho hakikuwa changu wala chako. Kile ni cha wale watakaojengewa."

"Nimetoa amani, mtoto wangu."

"Amani ya nani? Yule kijana atapewa mji."

"Atajifunza kazini. Sote tulijifunza kazini." Alimwangalia kwa mapenzi kabisa, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mimi ni mzee. Sitaki kufa niache watu wawili hawasalimiani kwa sababu ya namba kwenye karatasi."

Habibo alitaka kupiga kelele. Hakuweza kumpigia kelele mzee aliyemlipia karo. Akammiminia chai.

Fungu lake la kondoo likaletwa. Hooyo Lul alilipika mwenyewe kuwa nyirinyiri: alikata nyama vipande vidogo vidogo, akavianika, akavikaanga mpaka vikakauka, akavizamisha kwenye samli ndani ya kopo, nyama ikawa ya kukaa miezi. Hakufanya hivyo bure. Kwao nyama ya maslaha ikishaliwa na wote walioguswa na ugomvi, neno limefungwa. Asiyekula bado ana neno, na maadamu kopo limejaa, wazee hawalali vizuri. Hooyo Lul akaliweka kopo mezani asubuhi, mchana na jioni.

"Kula hata kipande, Habibo. Kimoja tu."

"Sili, hooyo."

"Ni kondoo wetu wenyewe."

"Ndiyo maana."

Samli ilinukia hiliki nyumba nzima. Chakula alichokuwa akikililia miaka yote ya Nairobi, sasa hakutaka hata kukitazama. Mama yake akaanza kulia kimya kimya jikoni. Adeer Dubow akawa anapiga simu kila baada ya swala ya magharibi kuuliza kama kopo limefunguliwa. Habibo akashikilia. Alikuwa na tumaini moja tu, wakaguzi. Hao ni watu wa mbali, alijiambia. Hawana ukoo hapa, hawana ami, wanakuja kuuliza swali moja: mwanafunzi amejifunza au hajajifunza? Mtu akiwaeleza ukweli mchana kweupe, alama ya Abdimalik itafutwa, na kijana atarudi malka kutembea kama alivyoahidi.

Wakaguzi walikuja watatu, wakaongozwa na Profesa Mutegi, mtu mzima wa bara, mwenye tumbo la heshima na sauti ya kubembeleza. Waliwekwa katika chumba cha mikutano, feni juu, maji ya chupa mezani. Khalif alisema hotuba ndefu. Profesa akafungua ripoti.

"Hapa mnaahidi kwamba kila anayemaliza anaweza kuupanga mtaa anaoujua kwa miguu yake mwenyewe," alisoma. "Na wote wameweza! Hongereni sana. Sasa, daktari, ushahidi wetu uko wapi?"

Khalif alimgeukia Habibo akitabasamu. Habibo akainua mkoba, akatoa kopo, akaliweka juu ya meza katikati ya zile chupa za maji, akalifungua. Harufu ya samli ikajaa chumba.

"Wa wengine ni miguu yao," alisema. "Naweza kuwaita sasa hivi, mkachagua mtaa, wakawaonyesha. Wa Abdimalik ni huu." Akawaeleza yote bila kupindisha. Akawaeleza malka, na ukuta juu ya malka, na plani isiyo na ng'ombe. Akawaeleza gesti, na ami yake, na aliyeketi na kikombe mkononi. "Hii ni nyama ya maslaha hayo. Alama aliyopewa ililipiwa kwa huyu kondoo. Sijaila, kwa sababu kwetu akila mtu, amekubali. Nawaomba ninyi muifute."

Khalif alitoa kicheko kidogo kikavu, kisha akaangalia dirishani. Mmoja wa wakaguzi alianza kuandika, akatazama uso wa mkubwa wake, akaacha.

Profesa Mutegi alivua miwani akaifuta taratibu. "Daktari Habibo, tumekusikia. Na nakushukuru kwa uwazi wako. Ila naona kuna mambo ya mila ndani yake. Sisi hatukuja Garissa kuhukumu mila za watu."

"Sio mila, Profesa. Ni mtihani."

"Ni suala la ndani. Mtalimaliza kwa ndani." Akavaa miwani, akainama kidogo juu ya kopo. "Na hii ndiyo nyirinyiri yenyewe? Miaka yote hii naisikia tu."

Akatia vidole viwili. Habibo alidhani anataka kuigusa tu, lakini mkono ukapanda hadi mdomoni, mashavu yakaanza kwenda, macho yakafumba kwa utamu.

"Profesa, nimesema anayekula amekubali."

"Basi tumekubali!" alisema huku anatafuna, na chumba kizima kikaangua kicheko cha watu waliotuliwa mzigo. Wale wengine wawili wakasogeza viti. Khalif akaagiza mkate. Vidole viliingia na kutoka kwenye samli, vipande vikatafunwa, mtu akajipangusa kwa ukurasa wa mwisho wa ripoti kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine. Habibo alisimama pale akiwatazama wakila. Aliona samli kidevuni mwa profesa. Aliona ulimi wa Khalif ukifuatilia punje iliyobaki kwenye jino. Watu waliosoma maisha yao yote ili wapate kukaa meza ile, na walichokuwa wakikijua kikamilifu ni kutafuna. Hakuwachukia. Chuki ina heshima yake, unamchukia yule unayemwona kuwa mtu. Alisikia karaha tu, nzito, ya mwili mzima, na alipoletewa kopo lake likiwa tupu, alilishika kwa ncha za vidole.

Alitembea mpaka Galbet juani. Hooyo Lul alikuwa mlangoni. Aliona kopo, akalipokea, akachungulia ndani, akainua mikono juu.

"Alhamdulillah! Umekula, mtoto wangu!"

"Sikula mimi, hooyo. Wamekula wageni wa chuo."

"Wageni gani?"

"Wale wakubwa waliotoka Nairobi kutupima. Wamekula yote."

Hooyo Lul alilikumbatia kopo kifuani. Kisha uso wake ukakunjuka kwa furaha ambayo Habibo hakuwa ameiona kwa muda mrefu, na akaanza kutafuta simu katika mikunjo ya guntino aliyojifunga.

"Basi hilo ni zito kuliko wewe kula," alisema. Simu ikapokelewa. "Dubow, lala salama leo. Imeliwa yote, na wasomi wakubwa wa nchi ndio mashahidi."

Habibo alikuwa ameketi kizingitini, viatu bado miguuni. Kutoka upande wa pili wa simu alimsikia ami yake akimshukuru Mungu.